Majigambo na Vijembe katika Ushabiki wa Mashine za Michezo ya Video: Mfano wa Sega na Nintendo nchini Marekani

IKISIRI

Makala hii inachunguza lugha iliyotumika katika ushindani wa makampuni ya Sega na Nintendo nchini Marekani kuanzia mwaka 1989 hadi 2001. Inadaiwa hapa kwamba uaminifu wa mashabiki kwa mashine zao haukutokana na ubora wa mashine peke yake. Ulitokana na mambo mawili yaliyokutana: hali ya kiuchumi iliyomlazimu mnunuzi kuchagua upande mmoja, na lugha ya matangazo iliyompa maneno ya kuutetea uchaguzi huo. Makala inahitimisha kwa kuonyesha kwamba gharama kubwa zaidi ya ushindani huo iliwaangukia wale walioyaamini maneno hayo kwa muda mrefu zaidi.

1.0 Utangulizi

Mnamo mwezi Agosti 1989 kampuni ya Sega ilianza kuuza nchini Marekani mashine yake ya michezo ya video iliyoitwa Genesis. Huko Japani mashine hiyo hiyo ilikuwa imetolewa mwezi Oktoba 1988 kwa jina la Mega Drive. Wakati huo sehemu kubwa mno ya soko la Marekani ilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine ya Kijapani, Nintendo. Katika miaka michache iliyofuata, watoto na vijana wa nchi hiyo waligawanyika katika makundi mawili, na suala la mashine ipi iliyo bora likawa hoja ya kugombaniwa shuleni, madukani na nyumbani.

Mashine hizo, ambazo katika makala hii zitaitwa konsoli, ni kompyuta zinazounganishwa na televisheni. Katika kipindi kinachojadiliwa, michezo mingi ilihifadhiwa katika katriji, yaani kasha dogo la plastiki lililochomekwa kwenye konsoli. Jambo linalostahili kuzingatiwa tangu mwanzo ni kwamba katriji ya kampuni moja haikuweza kutumika katika konsoli ya kampuni nyingine.

Ushabiki wa aina hii umezungumziwa zaidi na wataalamu wa biashara na wa saikolojia. Mchango wa wanaisimu umekuwa mdogo, ingawa ushabiki huo ulijengwa na kuendelezwa kwa maneno. Shabiki hakuwa na hisa katika kampuni, wala hakupata faida yoyote kutokana na mauzo yake. Alichokuwa nacho ni mashine moja na maneno ya kuisifu. Swali linalojibiwa na makala hii, kwa hiyo, ni hili: maneno hayo yalitoka wapi, yaliundwaje, na yalimfanyia nini yule aliyeyasema?

Katika kulijibu swali hilo, makala inatumia dhana tatu zinazofahamika katika taaluma ya Kiswahili, yaani majigambo, vijembe na utani. Dhana hizi zimetumika kwa sababu zinabainisha tofauti ambazo huwa vigumu kuziona iwapo kila aina ya mabishano itaitwa ushindani tu.

2.0 Chanzo cha Kugawanyika

2.1 Hali ya Kiuchumi

Nintendo ilianzishwa mjini Kyoto mwaka 1889 ikiwa kampuni ya kutengeneza karata. Iliingia katika soko la konsoli la Marekani mwaka 1985, miaka miwili tu baada ya soko hilo kuanguka mwaka 1983 kutokana na wingi wa michezo duni. Ili kuzuia hali hiyo isijirudie, Nintendo iliweka ndani ya konsoli yake kifaa cha kielektroniki kilichokataa katriji zisizoidhinishwa. Aidha, watengenezaji wa michezo waliopewa leseni walibanwa na masharti mawili makuu: wasitoe zaidi ya michezo mitano kwa mwaka, na mchezo uliotolewa kwa ajili ya Nintendo usitolewe kwa konsoli nyingine katika muda wa miaka miwili. Masharti hayo yalilegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, lakini tayari yalikuwa yamejenga ukuta baina ya konsoli moja na nyingine.

Bei nazo zilikuwa na nguvu yake. Genesis iliuzwa kwa dola 189 ilipoingia Marekani. Super Nintendo, iliyotolewa nchini humo mwezi Agosti 1991, iliuzwa kwa dola 199. Kila mchezo uliuzwa peke yake, na michezo mingi ilikaribia au kuzidi dola 50. Kwa familia ya kawaida, kununua konsoli zote mbili lilikuwa jambo gumu. Mtoto alinunuliwa moja, mara nyingi kwa ajili ya sikukuu ya Krismasi, na akaishi na uamuzi huo kwa miaka kadhaa. Hata kuazimana michezo kulitegemea upande: aliyekuwa na Genesis aliweza kuazimana katriji na wenye Genesis wenzake tu. Hivyo urafiki wa mtaani ulianza kufuata mpaka uliochorwa na wahandisi.

2.2 Hali ya Kisaikolojia

Jack Brehm (1956) aliwaomba wanawake wapime thamani ya vifaa kadhaa vya nyumbani, kisha akawaruhusu kuchagua kimoja kati ya viwili. Walipopima tena, walikipandisha thamani kile walichokichagua na kukishusha kile walichokiacha. Kifaa chenyewe hakikuwa kimebadilika. Kilichobadilika ni uhusiano wake na mchaguzi. Leon Festinger (1957) alilieleza jambo hili kwa kusema kwamba binadamu husumbuliwa na mawazo yanayopingana, kwa hiyo hutafuta njia ya kuyapatanisha. Mtoto mwenye Genesis aliyeuona mchezo mzuri wa Super Nintendo nyumbani kwa jirani alikuwa na mawazo mawili ya namna hiyo, na konsoli yake haikuweza kurudishwa dukani. Kilichoweza kubadilishwa ni tathmini yake tu.

Henri Tajfel na wenzake (1971) waliongeza jambo jingine. Wavulana wa Bristol, Uingereza, waliambiwa kwamba wamegawanywa kulingana na kupendelea kwao michoro ya Klee au ya Kandinsky. Ingawa mgawanyo huo haukuwa na maana yoyote katika maisha yao, wavulana hao walipogawa fedha walilipendelea kundi lao. Zaidi ya hayo, mara nyingi walikubali kundi lao lipate kidogo ilimradi tofauti baina yake na kundi la pili iwe kubwa. Matokeo haya ni muhimu katika kuelewa ushabiki wa konsoli. Yanaonyesha kwamba kumzidi mwenzio kunaweza kuwa na thamani kuliko kupata.

Hata hivyo, nadharia hizi zinaeleza kwa nini shabiki alihitaji kuisifu mashine yake na kuibeza ya mwenzake. Hazielezi kwa nini alitumia maneno yale aliyoyatumia. Hapo ndipo isimu inapoingia.

3.0 Uundaji wa Lugha ya Upinzani

3.1 Jina la Mpinzani Kugeuzwa Kanusho

Kampeni ya kwanza ya Sega iliyopata umaarufu nchini Marekani ilianzishwa wakati tawi la huko likiongozwa na Michael Katz, kabla ya Tom Kalinske kushika nafasi hiyo mwaka 1990. Kaulimbiu yake ilikuwa:

(1) "Genesis does what Nintendon't."

Maana yake ya juu juu ni kwamba Genesis hufanya yale ambayo Nintendo haiyafanyi. Nguvu ya kaulimbiu hii, hata hivyo, haimo katika maana hiyo bali katika umbo lake. Silabi ya mwisho ya jina Nintendo huandikwa sawasawa na kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya "fanya". Mtunzi aliichukua silabi hiyo kana kwamba ni kitenzi, akaiambatanishia kikanushi, na kwa hiyo akaunda neno jipya kwa njia ya uhulutishaji, njia ile ile iliyotupatia neno "chajio" kutokana na "chakula cha jioni". Tofauti ni kwamba "chajio" hutaja kitu, ilhali neno hili linamtaja mpinzani na kumkanusha kwa pumzi moja. Jina la kampuni limefanywa litoe ushahidi dhidi ya kampuni yenyewe.

Inafaa kuona kwamba kaulimbiu hii haitafsiriki kwa Kiswahili bila kupoteza ukali wake. Katika Kiswahili kikanushi cha kitenzi hutangulia mzizi: "haifanyi", "hawezi", "hatukuja". Msikilizaji hulijua kanusho kabla ya kukijua kitendo. Kiingereza huruhusu kikanushi kilichofupishwa kining'inie mwishoni, na ndiyo maana kiliweza kuning'inizwa kwenye jina la mtu au la kitu. Roman Jakobson (1960), alipochambua kaulimbiu ya siasa iliyotumika katika uchaguzi wa Marekani, alionyesha kwamba mfanano wa sauti humfanya msikilizaji ahisi kuwapo kwa uhusiano wa maana. Kaulimbiu ya Sega ilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Haikutoa hoja yoyote inayoweza kupimwa, kwa kuwa haikusema ni jambo gani hasa ambalo Nintendo haikulifanya. Lakini ilikuwa fupi, ilikumbukika, na mtoto wa miaka kumi aliweza kuisema mbele ya wenzake.

3.2 Istilahi ya Kiufundi Kugeuzwa Sifa

Neno "biti" ni istilahi ya kompyuta. Likitumiwa kuhusu prosesa, hutaja ukubwa wa kipande cha taarifa ambacho prosesa hiyo hukishughulikia kwa mara moja. Konsoli ya kwanza ya Nintendo ilikuwa ya biti 8. Genesis ilikuwa ya biti 16, na Sega iliiandika idadi hiyo kwa herufi kubwa juu ya mashine yenyewe. Tangu hapo biti ziliacha kuwa kipimo cha kihandisi, zikawa kipimo cha heshima. Mtu hakuhitaji kujua biti ni nini ili ajigambe kwamba anazo 16.

Kwamba idadi hiyo haikuwa kipimo kamili cha uwezo kunathibitishwa na mifano mitatu. Kwanza, konsoli ya kampuni ya NEC iliyouzwa Marekani mwaka 1989 iliitwa TurboGrafx-16, ingawa prosesa yake kuu ilikuwa ya biti 8. Namba iliyotiwa katika jina ilitoka kwenye sehemu ya picha. Pili, Atari ilitoa konsoli ya Jaguar mwaka 1993 na kuinadi kuwa ya biti 64, huku ikiwataka wanunuzi wapige hesabu wenyewe. Ndani yake mlikuwa na prosesa kadhaa za ukubwa mbalimbali, na si zote zilizokuwa za biti 64. Mashine hiyo ilishindwa kibiashara. Tatu, PlayStation ya Sony, iliyokuwa ya biti 32, iliuzwa zaidi ya milioni 100 duniani, wakati Nintendo 64, iliyobeba idadi kubwa zaidi katika jina lake, iliuzwa takriban milioni 33.

Hata baina ya Genesis na Super Nintendo, zote zikiwa za biti 16, kila upande ulikuwa na namba yake ya kujivunia. Prosesa ya Genesis ilienda kwa kasi ya takriban megahezi 7.6, na ya Super Nintendo haikuzidi megahezi 3.58. Kwa upande wa rangi, Super Nintendo iliweza kuchagua kutoka katika rangi 32,768, na Genesis katika rangi 512. Shabiki wa Sega alizungumzia kasi. Shabiki wa Nintendo alizungumzia rangi. Kila mmoja alisema kweli, na hakuna aliyemjibu mwenzake.

3.3 Istilahi Isiyo na Kirejelewa

Super Nintendo ilipoingia sokoni, hoja ya biti ilikwisha makali. Sega ikabuni istilahi mpya, "Blast Processing", ambayo kwa Kiswahili ingeweza kuitwa uchakataji wa kimlipuko. Katika tangazo moja la televisheni Genesis ilionyeshwa ikiwa juu ya gari la mashindano lenye kasi kubwa, na Super Nintendo juu ya gari kuukuu lililokokota nyuma.

Istilahi hiyo haikuwa jina la kifaa chochote ndani ya Genesis. Ni kweli kwamba prosesa yake ilikuwa na kasi zaidi, kama ilivyoelezwa hapo juu. Lakini neno lenyewe lilitungwa na watu wa matangazo kutokana na maelezo ya kiufundi waliyoyasikia kwa wahandisi. Kiisimu, hili ni umbo lenye sura ya istilahi lakini lisilo na kirejelewa kilichobainishwa. Kutobainishwa huko ndiko kulikoipa nguvu. Dai lililo wazi hukanushika. Neno lisilofafanuliwa haliwezi kukanushwa kwa urahisi, kwa sababu anayelipinga hulazimika kwanza kulipa maana. Shabiki wa Nintendo aliyeulizwa kama mashine yake ina uwezo huo hakuwa na jibu ila kusema kwamba haina.

3.4 Umri Kugeuzwa Daraja

Njia ya nne ilikuwa kuugawa umma kwa umri. Sega ilijitambulisha kwa vijana wakubwa na kuiacha Nintendo ionekane kuwa ya watoto wadogo. Mgawanyo huu ulithibitika tarehe 13 Septemba 1993, mchezo wa mapigano uitwao Mortal Kombat ulipotolewa kwa konsoli zote mbili siku moja. Katika toleo la Nintendo damu iliondolewa na badala yake kukawekwa majimaji ya rangi ya kijivu yaliyochukuliwa kuwa jasho. Katika toleo la Genesis damu ilionekana pindi mchezaji alipobonyeza vitufe kwa mpangilio maalumu. Toleo la Sega liliuzwa zaidi. Damu na jasho zikawa ishara: mwenye damu ni mkubwa, mwenye jasho ni mtoto.

Lugha hiyo ilifika hadi bungeni. Tarehe 9 Desemba 1993 maseneta Joseph Lieberman na Herb Kohl waliendesha kikao kuhusu ukatili katika michezo ya video. Howard Lincoln wa Nintendo na Bill White wa Sega, ambaye kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa Nintendo, walishambuliana mbele ya maseneta. White alitetea kwamba soko halikuwa tena la watoto peke yao. Lincoln alidai kwamba mchezo wa Night Trap, uliokuwa wa Sega wakati huo, hautaonekana kamwe katika mashine ya Nintendo. Mwaka 1994 sekta hiyo iliunda bodi ya kupanga michezo kwa umri. Mwaka huo huo Mortal Kombat II ilitolewa kwa Super Nintendo ikiwa na damu yake.

4.0 Kutoka Katika Tangazo hadi Kinywani mwa Shabiki

Mifano iliyotangulia inaonyesha kwamba sehemu kubwa ya msamiati wa shabiki ilitungwa na kampuni. Yafaa sasa kulinganisha matumizi ya msamiati huo na tanzu za mashindano ya maneno zinazofahamika.

Katika majigambo ya jadi, msemaji hujisifu kwa yale aliyoyatenda yeye mwenyewe: vita alivyopigana, mnyama aliyemuua, shamba alililolima. Hadhira inamfahamu na inaweza kumsuta iwapo ametia chumvi kupita kiasi. Shabiki wa konsoli naye alijigamba, lakini kwa kitu alichonunuliwa na mzazi wake na kilichotengenezwa na mtu asiyemjua. Tendo la kujivunia halikuwa lake. Kwa sababu hiyo alilazimika kujihusisha na kampuni kwa kiwakilishi: "sisi tuna Sonic", "ninyi hamna". Matumizi ya nafsi ya kwanza wingi katika kauli za namna hii ndiyo alama ya wazi ya kuhama kwa mtu kutoka katika unununuzi na kuingia katika uanachama. Muniz na O'Guinn (2001), katika uchunguzi wao kuhusu jumuiya zinazojengwa juu ya bidhaa, walionyesha kwamba wanajumuiya hujitambulisha kwa kuipinga bidhaa ya upande wa pili sawasawa na wanavyoisifu ya kwao.

Kuhusu vijembe, William Labov (1972) alichunguza matusi ya kimchezo miongoni mwa vijana Weusi wa New York. Alibaini kwamba tusi la kimchezo hujibiwa kwa tusi jingine, kwa sababu pande zote mbili zinajua kwamba linalosemwa si kweli. Tusi likigusa ukweli, hujibiwa kwa kukana, na hapo mchezo hugeuka ugomvi. Kipimo hiki kinafaa sana. Kijembe cha konsoli kilijengwa kwa namba na istilahi zilizodai kuwa kweli, kwa hiyo aliyetupiwa alijikuta akikana: biti si kila kitu, kasi si kitu bila rangi. Mabishano yalikosa ule mlango wa kucheka ambao mchezo wa maneno huuacha wazi.

Hapa ndipo dhana ya utani inapokuwa na manufaa. Nchini Tanzania timu za Simba na Yanga huitwa "watani wa jadi", na jina hilo lina maana. Mtani hukejeliwa sana, lakini hakuna anayetaka mtani wake atoweke, kwa kuwa bila yeye mchezo hauna ladha. Ushindani wa konsoli haukuitwa utani, uliitwa vita. Lakoff na Johnson (1980) walieleza kwamba sitiari ya namna hiyo haipambi mazungumzo tu, bali huongoza fikra na matendo. Palipo na vita pana majeshi, wasaliti, na mwisho wake mmoja lazima aanguke. Aliyenunua konsoli ya pili aliweza kuonekana msaliti, ingawa hakuwa amefanya lolote zaidi ya kutaka mchezo mwingine.

5.0 Gharama ya Uaminifu

Yawezekana kudhani kwamba mabishano hayo yalikuwa ya kitoto na hayakumdhuru mtu. Mfululizo wa bidhaa za Sega unaonyesha vinginevyo. Mwaka 1992 kampuni hiyo ilitoa nchini Marekani Sega CD, kifaa cha kuongezea kwenye Genesis, kwa dola 299. Mwezi Novemba 1994 ilitoa kifaa kingine cha kuongezea, 32X, kwa takriban dola 160. Mwezi Mei 1995, baada ya miezi sita tu, ilitoa konsoli mpya ya Saturn kwa dola 399, ambayo haikuweza kutumia katriji za 32X. Shabiki aliyeifuata kampuni yake hatua kwa hatua alitumia zaidi ya dola 850 katika muda usiofika miaka mitatu, kabla ya kununua mchezo hata mmoja. Kifaa cha 32X kilitelekezwa mapema, na michezo yake ikabaki michache.

Siku ile ile Saturn ilipotangazwa kuwa tayari madukani, katika maonyesho ya Los Angeles, Steve Race wa Sony alipanda jukwaani, akataja namba moja tu, "299", akashuka. Hiyo ilikuwa bei ya PlayStation kwa dola. Kijembe hicho hakikuwa na kitenzi wala kivumishi, na kilitosha.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba itaacha kutengeneza konsoli, baada ya Dreamcast kushindwa kuuzwa vya kutosha. Ikumbukwe kwamba katika ulimwengu mzima Super Nintendo ilikuwa imeuzwa takriban milioni 49 na Genesis takriban milioni 30. Idadi hizo zinaonyesha kampuni mbili zilizofanikiwa. Wanunuzi nao walifaidika na kuwapo kwa zote mbili: ushindani ndio uliochangia Genesis ishuke hadi dola 149 mwaka 1991, na ndio uliochangia kuilegeza Nintendo katika masharti yake. Aliyeomba mpinzani afe alikuwa anaomba, bila kujua, mchezo wake mwenyewe upande bei.

6.0 Yaliyobaki Baada ya Mashine

Mnamo Desemba 2001, mwaka ule ule Sega ilipoacha konsoli, Sonic alionekana katika mashine za Nintendo nchini Japani. Mwaka 2007 Sonic na Mario walitokea pamoja katika mchezo mmoja uliohusu michezo ya Olimpiki. Mwaka 2018 Night Trap, ule mchezo ulioapiwa mbele ya maseneta, ulitolewa kwa konsoli ya Nintendo Switch. Makampuni yalipatana kwa sababu hayakuwahi kuwa na uadui nje ya hesabu zake.

Lugha, kwa upande mwingine, ilibaki na kuhamia kwa washindani wapya. Mwezi Juni 2013, Microsoft ilipotangaza masharti ya kubana michezo iliyokwisha tumika katika Xbox One, Sony ilitoa video fupi ikionyesha namna ya kumwazima mwenzio mchezo wa PlayStation 4: mtu mmoja anampa mwingine kasha mkononi, basi. Tarehe 19 Juni 2013 Microsoft iliyafuta masharti hayo. Kijembe hicho kilikuwa na hoja inayopimika, nacho kilimnufaisha hata mnunuzi wa upande wa pili. Mwaka 2008 kamusi ya Merriam-Webster iliingiza neno "fanboy", ambalo wachezaji hulitumia kumtweza shabiki asiyesikia la mtu. Kiswahili kina maneno ya kupangia daraja hizo: mpenzi, shabiki, mkereketwa. Yafaa kutambua kwamba katika mabishano ya konsoli kila mtu humwona mwenzake mkereketwa, na yeye mwenyewe hujiona mpenzi tu wa michezo mizuri.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba ushabiki wa konsoli ulianzia katika ukuta wa kiuchumi uliomfunga mnunuzi upande mmoja, na ukapewa sauti na lugha iliyotungwa na makampuni: jina lililogeuzwa kanusho, kipimo kilichogeuzwa sifa, istilahi isiyo na kirejelewa, na umri uliogeuzwa daraja. Imeonyeshwa pia kwamba lugha hiyo ilitofautiana na majigambo, kwa kuwa msemaji alijivunia tendo lisilo lake, na ilitofautiana na utani, kwa kuwa ilimtaka mpinzani atoweke.

Jambo hili halihusu michezo peke yake. Kila bidhaa inayouzwa leo kwa namba ambazo mnunuzi hazielewi, iwe ni simu, kompyuta au gari, huja pamoja na msamiati wa kuitetea. Mwanaisimu hana haja ya kuamua ni mashine ipi iliyo bora. Kazi yake ni kuuliza, kila anaposikia mtu akisema "sisi" juu ya kampuni, ni nani aliyemfundisha neno hilo na ni nani anayelipia.